Mibuni Kumi na Miwili ya Nyanzobe

Hasamba, Jumatano 2 Juni 1999

Nyanzobe ameondoka jana. Amekwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kwa binti yetu Elina ambaye ana mimba ya miezi sita na miguu imeanza kumvimba. Amebeba Biblia, kitabu cha tenzi, debe la unga wa ulezi, na kuku wangu mwekundu. Kuhusu kuku sikuulizwa.

"Nitarudi mavuno yakiisha," amesema.

Mavuno ndiyo kwanza yanaanza. Nikamwambia, Mama Ipyana, kahawa nani ataichambua? Akasema, "Una macho mawili, Mungu alikupa ya nini?" Nikamjibu niliambiwa ni ya kukutazamia wewe. Hakucheka. Alipofika kona ya barabara ndipo alipocheka. Niliyaona mabega.

Daftari hili amenipa mwanangu Ipyana, mwalimu wa bayolojia huko Vwawa. "Andika, baba, utapunguza kuongea peke yako." Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Wa kwake ni kama kuku amekanyaga wino.

Alhamisi 3 Juni

Nimechuma madebe mawili. Ugali umeungua.

Jumapili 6 Juni

Kanisani. Nimekaa benchi la nyuma, mahali pangu pa miaka thelathini, naona visogo vya wateule wote. Mwinjilisti Kalisti ametangaza kwamba Sikukuu ya Mavuno, tarehe 29 Agosti, Mama Ipyana atatoa tena ushuhuda wa Mstari wa Bwana. Kanisa zima likageuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyezaa kahawa.

Ipyana anasema mwenye kuandika aandike kama anayesoma ni mgeni. Basi mgeni, sikia. Hapa kwetu nyumba ya Mkristo hutenga mstari mmoja wa mibuni, na mavuno ya mstari huo ni ya kanisa. Wetu ni ule ulio karibu na jiko, mibuni kumi na miwili. Mwaka 1993 uliingia ugonjwa wa chule buni, unaozigeuza punje za kijani kuwa nyeusi kama mavi ya mbuzi. Shamba langu lote likateketea. Nyanzobe akafunga siku tatu, akapita mstari wa Bwana akiweka mkono juu ya kila mbuni na kuuombea. Mstari ule ukazaa mpaka matawi yakainama. Mingine yote niliikata visiki ili ichipue upya, na hiyo naipulizia dawa kila mwaka mchana kweupe. Ule wa Bwana, Nyanzobe alinikataza kuugusa. "Huo una Mwenyewe."

Tangu hapo watu huja kuomba mbegu zake. Nusu ya Hasamba imepanda watoto wa mibuni ile, na hakuna anayeipulizia dawa. Dawa ya nini, na mbegu imebarikiwa?

Jumatano 9 Juni

Nimemwambia paka utani mmoja. Paka hana malezi.

Jumapili 13 Juni

Ipyana amekuja na mwinjilisti Kalisti. Nimechinja jogoo. Hawajanawa mikono, wameshaanza.

"Mwalimu," akasema Kalisti, "nasikia unawafundisha watoto wetu kwamba babu yao ni nyani."

"Babu yao ni huyu hapa," Ipyana akaninyooshea kidole, "ingawa sikatai kuna kufanana. Ninachofundisha ni kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi. Chenye kufaa hubaki, kinazaa, kinarithisha."

"Imethibitishwa?"

"Upo ushahidi, tena mwingi."

"Sikuuliza ushahidi. Unadhania dunia ina umri fulani, unadhania mabadiliko madogo yakirundikana yanakuwa makubwa, unadhania hakuna mkono mwingine uliogusa kitu. Dhana juu ya dhana, mwalimu. Ondoa ya chini uone."

Ipyana akafungua dirisha la jikoni. "Mwinjilisti, tazama pale. Ugonjwa ulikuja, midhaifu ikafa, yenye kinga ikabaki. Kinga imo ndani ya mbegu, ndiyo maana watu wanazipanda. Hayo ndiyo mageuko, yako nyuma ya jiko la mama yangu."

Kalisti nusura apaliwe. "Pale? Pale mama yako alifunga siku tatu!"

"Na maombi yenyewe umeyathibitisha?"

"Nimeona kwa macho."

"Na mimi nimeona kwa macho."

Mimi nikasema ninachokiona ni paja moja limebaki kwenye bakuli, na atakayelipata ndiye mwenye kufaa. Nikalichukua. Wakaondoka wameshikana mikono, kila mmoja na hakika yake.

Jumatatu 14 Juni

Sijapata raha tangu jana. Niandike tu, daftari ni langu.

Wote wawili wamesimama juu ya baiskeli yangu.

Mwaka ule wa 1993 Nyanzobe alipomaliza kufunga, alikuja kukaa jikoni, amekonda, macho yanang'aa, akaniambia, "Baba Ipyana, utaona." Sijawahi kumwona mtu ana uhakika kiasi kile. Nami nilijua ile mibuni itakufa kama mingine. Nilichoogopa ni uso wake siku itakapokufa.

Siku alipokwenda Mbozi Mission kwenye maombi ya akina mama, nikapanda baiskeli mpaka Tunduma. Nikampa Mzambia mmoja baiskeli, akanipa dawa ya shaba ya kuzuia chule buni. Nilichukua ile nyekundu, siyo ya bluu, kwa sababu udongo wetu ni mwekundu na matone yake kwenye jani la chini huwezi kuyatofautisha na matope. Nikarudi kwa miguu na kwa lori la mahindi. Nikamwambia Nyanzobe baiskeli imeibwa.

Kisha kila alipokwenda kuomba, nami nilivaa bomba mgongoni nikaenda kujibu. Miaka sita sasa. Hakuna anayejua. Yule mwizi wa baiskeli, Nyanzobe alimwombea wiki mbili nzima.

Jumapili 20 Juni

Baridi. Nimelala kanisani, nimeamshwa na sadaka.

Jumatano 30 Juni

Nimekutana na Nesta kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Ni mjane, jirani yetu wa upande wa bondeni. Alipanda mbegu ya Nyanzobe miche mia mbili, na mwaka huu ndiyo mavuno yake ya kwanza ya maana. Kikapu chake nusu ni punje nyeusi.

"Baba Ipyana, hii ni nini?"

Nilijua ni nini. Nikamwambia labda jua. Jua! Baridi hii inayokausha midomo.

Jumanne 6 Julai

Nachuma, namenya, navundika, naosha, naanika kwenye kichanja. Zamani kuchambua ilikuwa kazi ya Nyanzobe. Anakaa upande ule, mimi upande huu, vidole vyake vinakimbia, mimi nasema upuuzi. Leo nimekaa upande wangu. Nilianza utani, nikaukatisha katikati, maana mwisho wake ni mzuri na sikutaka kuupoteza.

Jumatatu 12 Julai

Upepo. Vumbi ndani ya chai.

Alhamisi 15 Julai

Nesta amekuja na kikombe mkononi. "Baba Ipyana, ya kwangu imekufa karibu yote. Nadhani nilipanda bila kuomba vizuri. Nipe mbegu nyingine za mstari wa mama, safari hii nitafunga kama yeye."

Nikampa mbegu. Mkono ulimpa wenyewe. Amenishukuru, amepiga goti. Tangu aondoke sijala.

Alhamisi 22 Julai

Luka amefika saa nne asubuhi, mume wa Elina. Hakuketi.

"Baba, Elina amevimba mpaka uso. Kichwa kinamuuma, anasema anaona nyota mchana. Nesi wa zahanati amesema ni presha ya mimba, aende hospitali kubwa leo leo."

"Sasa mbona uko hapa?"

Akatazama chini. "Mama amesema wafunge siku tatu kwanza. Amesema Mungu aliyesimamisha mibuni hatashindwa na presha. Elina naye anaogopa kupasuliwa, anamsikiliza mama. Mimi baba nitasemaje?"

Kweli, angesemaje? Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumbishia. Mama mkwe akiingia kwa huku, yeye anatokea kwa kule. Mwanamume mzima amevuka mpaka kuja kunitafuta mimi nikaseme maneno manne.

Naandika huku Luka anatafuta lori barabarani. Nikisema ukweli, nampokonya Nyanzobe kitu anachosimamia. Nikinyamaza, namzika Elina.

Jumapili 25 Julai, Nakonde

Niandike yote.

Tulifika Alhamisi jioni. Tulivuka mpaka pamoja na kina mama wa vikapu, wote wananiamkia "Mulishani, shikulu," yaani hujambo babu, na mimi ambaye hujibu kwa mizaha mpaka wananifukuza, nilipita kimya. Elina alikuwa amelala mkekani, uso umejaa, macho yamekuwa mistari. Nyanzobe na wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti. Aliponiona alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma. Alifurahi kweli.

"Umekuja kuomba nasi?"

"Nimekuja tumpeleke hospitali."

"Kesho kutwa asubuhi tunamaliza kufunga. Baba Ipyana, wewe mwenyewe uliona. Mibuni kumi na miwili—"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mibuni. Ni mimi. Dawa ya shaba, kila mwaka, ukiwa umekwenda maombi. Baiskeli haikuibwa. Ndiyo niliyonunulia."

Wale wanawake wawili wakainuka wakatoka bila kuaga. Nyanzobe alibaki kwenye magoti. Akakunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua.

"Nilimwombea yule mwizi."

"Najua."

"Wiki mbili."

"Nilijisikia vizuri sana wiki zile," nikasema. Mungu anisamehe, mdomo wangu una akili zake.

Hakukasirika. Heri angekasirika. Akasema polepole, "Miaka sita nasimama mbele za watu namshukuru Mungu kwa kazi ya bomba lako. Watu wamelia, Eliudi. Watu wamepanda."

Eliudi. Hajaniita hivyo tangu Ipyana azaliwe. Uso wake ndio ule niliouogopa mwaka 1993. Nikaona nimwambie na lile lingine, ambalo hata daftarini sikuthubutu kuliandika.

"Nyanzobe, siyo yote kumi na miwili. Ile mara ya kwanza dawa iliishia kwenye mbuni wa tisa. Mitatu ya mwisho, upande wa mgomba, sikuipulizia. Nikasubiri ife. Haikufa. Mwaka uliofuata dawa nilikuwa nayo ya kutosha, nikairuka kwa makusudi, nione. Kila mwaka nairuka. Mpaka leo inazaa."

Akajifunga kitambaa chake kichwani.

"Umeona nimeanguka," akasema, "unaniletea kigoda. Usinibembeleze kwa uongo mwingine."

"Ni kweli."

"Baiskeli kuibwa pia ilikuwa kweli."

Akainuka. Akaita, "Luka!" Akamwita kwa jina, mkwe wake, akamtazama usoni kabisa. Kijana nusura akimbie. "Tafuta gari sasa hivi. Tunakwenda."

Ijumaa alfajiri Elina alipasuliwa. Daktari alisema tungechelewa siku moja wasingekuwa na la kufanya. Mtoto wa kike, mdogo kama hindi changa, analia kwa sauti ya shangazi yangu. Elina amefumbua macho.

Tulikaa benchi moja nje ya wodi, mimi mwanzo, yeye mwisho. Nilimwona anafumba macho kuomba, anafumbua, anafumba tena, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lililobadilishwa.

"Nenda nyumbani," akaniambia leo. "Waambie waliopanda."

"Na wewe?"

"Mimi nina mtoto wa kulea."

Sikuuliza mpaka lini. Sikutaka kujibiwa.

Jumatatu 2 Agosti, Hasamba

Nimemwambia Ipyana kila kitu. Akafunika uso. "Baba, nimefundisha mstari ule darasani miaka minne. Kidato cha tatu wote wameuchora."

"Uliniuliza kama nimepulizia?"

"Nisingefikiria kuuliza!"

"Basi mwambie Kalisti amepata dhana yake ya chini."

Nikamwambia na ile mitatu. Akainua kichwa. "Mitatu? Miaka sita bila dawa? Baba, hiyo ndiyo yenye kinga!" Akatoka mbio na rula yake kwenda kupima majani.

Jumatano 4 Agosti

Nimemwambia Kalisti. Alisikitika mpaka nikamhurumia, akasema nimeweka kidole changu mfukoni mwa Mungu. Nikamwambia na ile mitatu.

"Mitatu hukuigusa?" Akasimama. "Mzee wangu, basi ile ndiyo aliyoijibu Bwana!"

Wiki haijaisha, wote wawili wamehamia kwenye mibuni mitatu, na wamehama na vyombo vyao vyote. Nikawaambia huenda ni upepo tu, unachukua dawa kutoka kwa ile tisa. Hakuna aliyenisikia. Aliyepaswa kuamini habari ya ile mitatu ni mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekataa.

Jumanne 10 Agosti

Nimeanika. Nimechambua. Kimya.

Ijumaa 20 Agosti

Luka ametuma salamu kwa dereva wa lori. Elina anatembea. Mtoto anaongezeka uzito. Kuhusu Nyanzobe hakusema kitu, na mimi sikumuuliza dereva, nilimuuliza barabara ikoje.

Jumapili 29 Agosti

Sikukuu ya Mavuno. Kalisti akasema Mama Ipyana hayupo, mzee atasema kwa niaba yake. Nikatoka benchi la nyuma. Njia ile ni ndefu, sikuwahi kuipima.

Nikawaambia. Baiskeli, dawa nyekundu, bomba, yote.

Wakacheka! Walianza vijana, wakafuata wazee, mpaka kwaya. Nilipofika kwenye mwizi aliyeombewa, mtu mmoja alijipiga mapaja. Miaka thelathini nawachekesha kutoka nyuma, wanajua nikifungua mdomo ni mzaha. Nikasema, jamani, ni kweli. Wakazidi.

Nesta akasimama katikati yao. "Mnacheka nini? Ya kwangu imekufa mia na themanini."

Aliyejipiga mapaja akashusha mikono. Akanitazama. "Na Julai ukanipa mbegu nyingine, Baba Ipyana."

"Nilikupa."

Akaketi. Nami nikaketi pale pale mbele, chini, kwa sababu benchi lilikuwa mbali.

Jumanne 31 Agosti

Nimekwenda kwa Nesta na panga na bomba langu. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nimekata visiki mistari miwili.

Jumamosi 4 Septemba

Mistari sita. Leo amenipa maji.

Jumatano 8 Septemba

Tumemaliza. Nimemwonyesha namna ya kuchanganya dawa kwa ajili ya masika. Akaniuliza, "Mama anarudi lini?" Nikajibu mavuno yakiisha. Akatazama shamba langu. Mavuno yamekwisha.

Jumapili 12 Septemba

Luka amekuja mwenyewe. Amekunywa chai, amezungukazunguka, kisha akasema ana neno la mama. Alilisema akitazama kikombe, kama anasoma.

"Mama anauliza, ile mitatu ni kweli? Anasema kama ni kweli, anajua pa kuanzia tena, na atarudi. Kama uliitunga ili umpoze, hawezi kukaa nyumba moja na mtu anayemtungia Mungu. Anasema usitume maneno matamu. Tuma kitu cha kumfanya ajue."

Kitu gani? Ipyana anasema tupande mbegu za ile mitatu peke yake, zisipuliziwe, tungoje miaka minne. Kalisti yuko tayari kuniapia, lakini Kalisti naye alinisikia mimi tu. Majani hayaandiki nani aliyapulizia. Mzambia wa dawa sikumjua hata jina.

Nimekaa tangu asubuhi natafuta shahidi. Maisha yangu yote wanaoamini bila kuona ndio niliowafanyia mzaha. Leo namwomba mke wangu awe mmoja wao, na kitu cha kuamini ni mimi.

Nimemwambia Luka, "Mwambie ni kweli." Akangoja niongeze. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Alhamisi 16 Septemba

Hakuna lori lililosimama.

Jumapili 19 Septemba

Wakati wengine wako kanisani, nilikwenda mwisho wa mstari, upande wa mgomba. Kupiga magoti kulinichukua muda, ni magoti ya miaka sabini na moja na hayakuzoea. Nilishika mbuni wa kumi ili nisianguke. Sikujua watu huanzaje, nikaanza tu.

Nikasema, ni Eliudi, wa benchi la nyuma. Sikuombi umlete. Akija, aje kwa miguu yake na kwa kutaka kwake. Nakuomba umwambie tu kwamba mitatu hii sikuigusa. Kila masika nilifika hapa nimebeba bomba, nikasimama, nikageuka. Nyanzobe alikuwa Mission. Ipyana alikuwa chuoni, baadaye Vwawa. Jirani hakupita. Nilihakikisha mwenyewe kwamba hakuna anayeniona.

Kama kulikuwa na mtu, ni Wewe.

Na kama hukuwepo, sina shahidi.